Kimbunga Kikitangazwa Pwani, Nyakakika Ifanye Nini?

Kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe mkoani Kagera, iko karibu kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipoanza kutoa taarifa za Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, mkulima wa huku alizisikia kupitia redio na simu sawasawa na mvuvi wa Kilwa. Aliambiwa kimbunga kinaelekea Tanzania, na Karagwe ni Tanzania. Tena nchi ilikuwa bado haijapumua kutokana na mvua za El Niño. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yalikwisha kuua watu 155. Katika hali hiyo, kuuliza "kitafika na huku?" lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu, na alistahili jibu lililonyooka.

Mkanganyiko una chanzo kingine tunachokizalisha wenyewe. Upepo ukiezua darasa Kyerwa au ukilaza migomba Karagwe, habari husema "kimbunga chaezua shule". Msikilizaji hubaki akiamini kwamba kilichopiga shule na kilichopiga Mafia ni kitu kimoja, tofauti ikiwa ni ukubwa tu. Ni vitu viwili, vyenye chanzo tofauti na muda tofauti wa kuonekana kabla ya kufika. Anayevichanganya atajiandaa kwa kisichokuja na kukutwa hajajiandaa kwa kinachokuja kila mwaka.

Pwani ya Tanzania na vimbunga vyake

Wapo wanaosema vimbunga ni mambo mapya kwetu. Sivyo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ni baada ya hapo ndipo ilipochukua nafasi ya kwanza katika zao la karafuu. Aprili 1952 Lindi nayo ilipigwa, watu wakafa. Haya ni matukio adimu, lakini yapo katika historia yetu, na uadimu huo ndio unaofanya kila kizazi kianze upya kujifunza.

Miaka ya karibuni yamefuatana kwa haraka zaidi. Machi 2019 Kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mwezi uliofuata Kimbunga Kenneth kilikuja kaskazini zaidi. Wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhama maeneo ya mabondeni na shule zikafungwa. Kikaingia nchi kavu Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, pungufu ya kilomita 200 kusini mwa Mto Ruvuma. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea moja kwa moja pwani ya Tanzania, kikafifia kabla ya kufika. Kisha Hidaya: tarehe 1 Mei 2024 TMA ilitangaza kuwepo kwa mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani ya Mtwara, tarehe 3 ikasema umefikia hadhi ya kimbunga kamili, na tarehe 4 kikaingia Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Kilwa, madaraja na makalavati yakasombwa, na kusini ikabaki imetengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Siku tatu tangu taarifa ya kwanza hadi kimbunga kufika ni muda wa kutosha kuvuta mashua nchi kavu, kusimamisha safari za baharini na kuwaondoa watu mabondeni. Ufuatiliaji huu haufanywi na TMA peke yake. Kituo cha kanda cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko kisiwani La Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Kituo hicho hufuatilia kimbunga kwa setilaiti na kutoa makadirio ya njia na nguvu zake. TMA huyachukua, huyapima kwa mifumo yake, kisha hutoa tahadhari yenye maana kwa wilaya za Tanzania. Hapa Bara na Visiwani, TMA ndiyo yenye mamlaka ya kutoa tahadhari hizo, na ramani yoyote inayorushwa WhatsApp bila kupitia huko haina uzito.

Kwa nini hakiwezi kupanda hadi Karagwe

Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Maji yenye nyuzi joto zipatazo 26.5 au zaidi hutoa mvuke, mvuke hupanda na kuganda kuwa mvua, na joto linaloachiliwa huvuta hewa nyingine kutoka pembeni. Kikiingia nchi kavu, chanzo hicho hukatika, na milima na misitu huupunguza upepo wake. Kwa kawaida, ndani ya siku moja au mbili kimbunga kilichoingia barani hubaki kuwa eneo la mvua nyingi lisilo na upepo wa kuvunja nyumba.

Kizuizi cha pili ni ikweta. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia inazunguka, na nguvu hiyo ya kuzungusha hewa hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta hadi kuwa sifuri. Ndiyo maana vimbunga kwa kawaida havizaliwi ndani ya nyuzi tano za latitudo kila upande. Mtwara iko kwenye nyuzi 10 kusini, Mafia karibu 8, Karagwe kati ya nyuzi 1 na 2 na nusu hivi. Ongeza mwinuko: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Karagwe iko juu zaidi ya hapo. Upepo wa kimbunga cha Bahari ya Hindi hautafika Nyakakika. Hilo liseme mwenyekiti wa kijiji bila kusitasita.

Mvua ni hadithi nyingine. Kimbunga kikubwa hupanga upya hewa ya eneo lote la mashariki mwa Afrika. Kikikaa mashariki mwa Madagascar, mara nyingi huvuta hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo ikapita juu ya Kagera na Ziwa Victoria, na mvua zikaongezeka. Watafiti wamehusisha sehemu ya masika makubwa ya 2018 na hali hiyo. Kikiwa mahali pengine huweza kufanya kinyume: mwaka 2019 Idai na Kenneth vilinyonya unyevu kuelekea kusini, na masika yakachelewa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mkulima aliyepanda maharage yake mapema akitegemea mvua ya kawaida ya Machi aliumizwa na kimbunga ambacho hakukiona wala kukisikia upepo wake. Kwa Nyakakika, basi, swali lenye faida wakati kimbunga kinapotangazwa ni hili: mvua yetu itakuwaje wiki mbili zijazo? Jibu liko katika utabiri wa siku kumi na wa mwezi unaotolewa na TMA, na si katika picha ya jicho la kimbunga.

Wanaosema ni habari ya pwani

Msimamo kwamba kimbunga ni habari ya pwani tu una nguvu ya sayansi nyuma yake, kama tulivyoona. Pia unalinda muda wa watu: hakuna sababu ya mama kuacha kuvuna kahawa yake au kuanika maharage kwa sababu Mafia kuna hatari.

Udhaifu wake uko katika tabia unayoijenga. Mtu akizoea kuzima redio kila TMA inapotajwa, ataizima pia siku tahadhari inapotaja mkoa wa Kagera. Tahadhari za TMA zina ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kila moja hutaja mikoa, siku, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Anayesikiliza hadi mwisho anajua ndani ya dakika moja kama mkoa wake umo au haumo. Anayezima mapema hajui. Na kuna vijana wa Karagwe walioko Dar es Salaam, Zanzibar na Mtwara. Simu ya mzazi inayomwambia kijana asipande boti siku hiyo ina uzito ambao tangazo la serikali halina.

Wanaosema heri kufunga kila kitu

Hoja yao ni kwamba nyumba hujengwa upya, mtu hafufuki. Ni hoja ya kweli, na nchini Kenya ilifuatwa: tarehe 3 Mei 2024 Rais William Ruto aliahirisha kufunguliwa kwa shule bila kutaja tarehe, akitaja mafuriko yaliyokuwa yakiendelea na hatari ya Hidaya. Hidaya kikaenda Mafia. Shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Mafuriko pekee yalikuwa sababu ya kutosha kwa shule nyingi, kwa hiyo uamuzi ule unateteeka. Lakini shule iliyoko mahali pakavu, mbali na pwani, ilipoteza siku hizo kwa sababu ya amri moja iliyowekwa kwa nchi nzima.

Gharama ya aina hii haionekani haraka. Kufunga mnada, kusimamisha mabasi au kuzuia shule katika wilaya ambayo hatari haifiki huwapokonya watu kipato, na zaidi ya hayo hula imani. Tahadhari inayotaja nchi nzima kwa hatari ya mikoa mitano huwafundisha watu wa mikoa mingine kwamba tahadhari haiwahusu.

Wanaosema watabiri hukosea

Jobo ndicho kielelezo chao. Watu wa pwani walijiandaa, wavuvi hawakwenda baharini, na kimbunga hakikufika. Mtwara nayo ilihamishwa kwa ajili ya Kenneth, ikabaki salama.

Tuanze na ukweli ulio upande wao. Utabiri wa njia ya kimbunga umeboreka sana tangu setilaiti zianze kutumika, lakini kosa la siku tatu mbele bado linaweza kufika kilomita 200. Utabiri wa nguvu ni mgumu zaidi. Jobo kilikutana na hewa kavu na pepo za juu zinazokwenda mwelekeo tofauti na za chini, kikapasuka. Hakuna mtaalamu anayeweza kuapa siku nne kabla kwamba hilo litatokea.

Lakini fikiria Kenneth kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kosa la kilomita 200 ndilo lililotenganisha Mtwara iliyobaki na paa zake na vijiji vya Cabo Delgado vilivyobaki bila kitu. Mtu wa Mtwara aliyerudi nyumbani akalalamika kwamba alihamishwa bure alikuwa upande wenye bahati wa mstari ambao hakuna aliyeweza kuuchora mapema. Uamuzi wa kuhamisha watu hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Tukiupima kwa yaliyotokea baadaye, tutakuwa tunaiadhibu serikali kwa kuokoa watu ambao hatimaye hawakuhitaji kuokolewa, na safari ijayo haitatoa amri.

Kisichoteteeka ni ukimya baada ya tukio. Kimbunga kikififia, wananchi wanastahili maelezo ya kwa nini kilififia, kwa lugha ya kawaida na kwa redio ile ile iliyotoa tahadhari. Bila maelezo hayo, kila Jobo hupunguza wasikilizaji wa Hidaya. Kisiwani Mayotte, Desemba 2024, tahadhari ya Kimbunga Chido ilitolewa mapema. Bado wengi katika vitongoji vya mabati hawakwenda kwenye makazi ya muda: wengine hawakuamini, wengine, hasa wahamiaji wasio na vibali, waliogopa kukamatwa. Hapo utabiri ulikuwa sahihi, na haukuwaokoa.

Wanaosema fedha ziende kwenye nyumba na mashamba

Kwa Nyakakika, huu ndio msimamo wenye uzito zaidi. Unasema hivi: rada na setilaiti ni za watu wa pwani na wa ziwani, sisi tupeni paa imara na migomba isiyoanguka.

Kwa pwani msimamo huo hautoshi. Nchini Marekani, takriban vifo tisa kati ya kumi vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga kati ya 1963 na 2012 vilitokana na maji: bahari kufurika, mafuriko ya mito, mawimbi. Hakuna kenchi inayozuia bahari. Bangladesh ilijifunza hilo kwa gharama ya kutisha. Kimbunga cha Bhola cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 ikaanza mpango wa wajitolea wa vijijini wanaopita na vipaza sauti na bendera nyumba kwa nyumba, ikajenga na makazi ya kukimbilia. Kimbunga Amphan kilipofika Mei 2020, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Tahadhari iliyofika mlangoni ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Karagwe hali imegeuka. Bahari haipo. Kilichopo ni dhoruba ya ngurumo, na dhoruba hii haina siku tatu. Wingu hujengeka ndani ya saa moja au mbili mchana wa joto. Mvua na mawe yanaposhuka huvuta hewa baridi kwa nguvu kutoka juu, hewa hiyo ikigonga ardhi husambaa pande zote, na dakika ishirini baadaye kila kitu kimekwisha. Kijiji kimoja hupoteza mabati, cha jirani hakipati hata manyunyu. Utabiri wa TMA unaweza kusema kutakuwa na mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo ya Kagera, lakini hauwezi kutaja kitongoji. Rada ya Mwanza, hata ikifanya kazi vizuri, iko zaidi ya kilomita 200, na kwa sababu dunia ni duara mwale wake ukifika juu ya Karagwe unakuwa kilomita kadhaa angani. Unaona kilele cha wingu. Upepo unaotambaa chini kuelekea paa ya zahanati hauuoni.

Hii ndiyo sababu mfumo mzuri wa vimbunga hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi huku. Pale ambapo muda wa tahadhari ni dakika, maandalizi lazima yawe yamekwisha kabla ya msimu kuanza.

Yanayoangusha huku

Paa huondoka kwa kunyanyuliwa. Upepo ukiingia chini ya ukingo wa bati na kupita juu yake kwa wakati mmoja, paa nzima huvutwa juu. Nyumba nyingi zina kenchi zilizokaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu, au zilizopigiliwa msumari mmoja kwenye ubao. Fundi akiacha nondo au waya mzito ukitoka ndani ya linta na kuufunga juu ya kenchi, gharama inaongezeka kidogo sana ikilinganishwa na bei ya mabati. Misumari ya bati ipigwe karibu zaidi kwenye kingo kuliko katikati, kwa sababu kingo ndizo huanza kung'oka. Papi zilizoliwa na mchwa zibadilishwe kabla hata ya kufikiria bati jipya. Shule na makanisa yana paa pana na kuta ndefu zisizo na ukuta wa kati, kwa hiyo ndiyo huezuliwa kwanza, na ndiyo yenye watu wengi ndani.

Mgomba nao mara nyingi huanguka kwa sababu ya kilichotokea chini ya udongo. Fukusi hutoboa tunguu na minyoo hula mizizi. Mgomba wenye mkungu mzito na mizizi iliyooza huangushwa na upepo ambao mgomba wenye afya ungeuhimili, majani yakichanika tu. Mkulima anayeparua na kuondoa magogo ya migomba iliyovunwa, anayepanda machipukizi safi na kuegemeza mkungu kwa nguzo yenye panda, amejiandaa kwa dhoruba hata kama hakukusudia. Mstari wa migrevilia au misizi upande unaotoka upepo hupunguza kasi yake juu ya kibanja. Mikaratusi mirefu iliyopandwa mita tano kutoka nyumbani hufanya kinyume: ndiyo itakayoangukia paa.

Na radi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule moja ya msingi mkoani Geita, wakiwa darasani. Kinga ya radi kwenye shule haiwezi kuendelea kuhesabiwa kama anasa katika mikoa inayozunguka ziwa, ambako dhoruba za ngurumo ni nyingi kuliko karibu popote pengine nchini.

Mizani

Kwa pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara na Visiwani, fedha na nguvu ziendelee kwenda kwenye ufuatiliaji, njia za kuhama na maelezo kwa wananchi baada ya kila tukio, hata pale kimbunga kinapofifia. Hidaya kimeonyesha kwamba TMA inaweza kutoa siku tatu za maandalizi. Barabara ya Kilwa imeonyesha kwamba miundombinu yetu bado haijalingana na tahadhari hizo.

Kwa Nyakakika na kata nyingine za Karagwe na Kyerwa, mpangilio uwe mwingine: kwanza paa za shule na zahanati, pili kinga ya radi, tatu vibanja, nne redio. Redio imewekwa ya nne kwa sababu tayari ipo. Redio za hapa, kama FADECO, zinaweza kusoma utabiri wa siku kumi kwa sauti na lugha inayoeleweka, zikisema wazi kila kimbunga kinapotangazwa pwani kwamba upepo wake haufiki Kagera, na mvua inatarajiwa kuongezeka au kupungua.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kamati ya kijiji isisubiri maafa ili ikutane. Mvua za vuli huanza Septemba. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati kahawa inavunwa na fedha zinapoingia nyumbani, udongo ni mkavu na mafundi wanaweza kupanda juu ya paa bila hofu. Wajumbe wapite shule kwa shule miezi hiyo, wakague kenchi zilizofungwa na zisizofungwa, waandike orodha na kuipeleka kwa mtendaji wa kata kabla Agosti haijaisha.